Jina la Mfalme Zakumba

Khaemba alikuwa na hadithi moja ambayo watu wa mtaa wa Naka waliijua hata kabla hajafungua mdomo. Ukikaa naye kidogo tu, iwe harusini au kwenye foleni ya benki, lazima angefika kwa Zakumba. Angekuuliza kama uliwahi kutazama mieleka ya Wamarekani, ile ya zamani. Ukisema ndiyo, umekwisha. Ukisema hapana, umekwisha zaidi, kwa sababu sasa ataanzia mwanzo.

Mwanzo wenyewe ulikuwa hivi. Khaemba alipokuwa mtoto katika mtaa wa Kaptembwo, ploti yao yote ya vyumba vya kupanga haikuwa na runinga. Kila Jumamosi mchana yeye na wenzake walivuka mji kwa miguu mpaka Bondeni, kwa mwanamke wa Kiislamu aliyeitwa Kuluthum, ingawa mtaa mzima ulimjua kama Mama Hafiz. Mama Hafiz alikuwa na chumba cha mabati chenye mabenchi, runinga na deki ya video, na kaka yake aliyekuwa Uingereza alimtumia kanda za mieleka. Watangazaji wa kwenye kanda walizungumza Kiingereza cha puani ambacho watoto hawakushika hata neno. Kwa hiyo Mama Hafiz alipunguza sauti, akasimama kando ya runinga na mwiko mkononi, akawatangazia yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Na alijua kutangaza. Mtu akipigwa mweleka pale kwenye kioo, watoto walijishika mbavu zao wenyewe.

Katika wanamieleka wote, kipenzi cha watoto alikuwa mmoja, jitu jeusi lililoitwa Zakumba. Mama Hafiz alisema huyo ni mfalme kutoka huku huku Afrika, amekwenda Marekani kuwafunza Wazungu adabu. Aliingia ukumbini ndani ya gari la kifalme lenye vyuma pande zote, maana mfalme haguswi ovyo. Mzungu mwenye kofia aliyemtangulia alikuwa mtumishi wake, kazi yake kumshikia mkufu. Zakumba alipojipiga tumbo alikuwa anasema amefunga, kwamba mfalme hapigani akiwa ameshiba huku watu wake wana njaa. Aliponguruma, hicho kilikuwa Kifalme, na Mama Hafiz alikitafsiri neno kwa neno. Na ajabu ni kwamba hakuwahi kushindwa. Hata akilala chali na kuhesabiwa, Mama Hafiz alieleza kwamba amemsamehe yule Mzungu kwa kuwa ana watoto wadogo.

Khaemba aliibeba hadithi hiyo miaka yote. Aliibeba alipokuwa akisukuma mkokoteni, na alipopanda mpaka kuwa meneja wa duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Mkewe Joyline alipomzaa kifungua mimba, mtoto akaitwa Levis Zakumba. Sasa Levis alikuwa kidato cha tatu, mabega kama mlango, anacheza raga ya shule, na mgongoni mwa jezi yake hapakuandikwa Levis. Akishika mpira uwanja mzima uliimba jina la mfalme, na Khaemba kule pembeni alijiona kama yeye ndiye anayekimbia.

Basi Jumapili moja Khaemba akagundua kwamba kuna mtu ameipandisha ile mieleka ya zamani kwenye mtandao. Angekuwa mtu wa kiasi angeitazama kwanza peke yake. Lakini Khaemba na kiasi walikosana zamani. Alimwambia Levis awalete wenzake wa timu nyumbani, akamwomba Joyline awapikie chapati, akapanga viti sebuleni, na vijana walipojaa akasimama mbele ya runinga na rimoti kama mhubiri mwenye Biblia.

"Nyinyi mnaimba jina uwanjani na hamjui mnaimba nini," alisema. "Leo mtamwona mwenyewe."

Akabonyeza. Sauti ilikuwa juu. Hapakuwa na mtu wa kuipunguza.

Gari la kifalme lilikuwa kizimba, kizimba kabisa cha kufungia mnyama, na kilisukumwa na watu wawili waliojifanya kuogopa. Mzungu mwenye kofia alikuwa na kiboko mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika mnyororo, na mnyororo ulikuwa umemfunga Zakumba shingoni. Zakumba alikuwa pekupeku, amepakwa chokaa usoni, amevaa ngozi kiunoni na mifupa kifuani. Mtangazaji, kwa Kiingereza ambacho sasa kila mtu pale sebuleni alikisikia vizuri, alisema kwamba kiumbe huyu alinaswa katika misitu ya Afrika, kwamba hajui kusema, hajawahi kuvaa kiatu, na walioketi mbele wachunge watoto wao kwa sababu anakula nyama ya watu. Zakumba akajipiga tumbo na kulamba midomo. Ukumbi wa Wazungu ukaangua kicheko.

Hata sebuleni walicheka. Ndio ujana, kitu kikichekesha mwili hucheka kabla akili haijaulizwa. Halafu kijana mmoja, Kiplangat, aliyecheza pamoja na Levis mstari wa mbele, akasogeza kiti chake.

"Zaku, mimi sikai karibu na wewe tena. Utanikula."

Wakacheka upya. Levis naye alitabasamu, tabasamu la mtu anayejikaza, kisha likamtoka. Akamtazama baba yake. Khaemba alikuwa anahangaika na rimoti. Alitaka kuzima, akabonyeza pa kusimamisha, na picha ikaganda pale pale Zakumba ameachama, meno yote nje, akiwaangalia. Joyline alitoka jikoni na sahani ya chapati, akaona runinga, akaona uso wa mumewe, akarudi jikoni na sahani yake.

Khaemba alisema kitu. Alisema mtandao siku hizi umejaa uongo, eti hii imebadilishwa. Chapati zikaletwa hatimaye. Vijana wakala wakaaga, na kule nje getini aliwasikia wakinguruma.

Alimkuta Levis nyuma ya nyumba akikwangua matope kwenye viatu vya raga, viatu ambavyo havikuwa na matope.

"Baba, ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Naapa sikujua."

"Na kukhu?"

Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu, kama kuka alivyo babu, na kukhu wa Levis alikuwa Nabalayo, mama yake Khaemba, ambaye mpaka leo alikataa kuhama Kaptembwo.

"Kukhu aliniambia Zakumba ni wa kwetu," Levis akasema. "Ndugu ya babu yake kuka. Yule alipelekwa vita vya Wazungu akapotea. Aliniambia tangu nikiwa mdogo. Na wewe unaambia watu ni mwanamieleka. Mimi nilidhani ni watu wawili wana jina moja, na uliniita ya wote wawili."

Hapo Khaemba aliona aibu ambayo hata sebuleni hakuwa ameionja, kwa sababu ile ya sebuleni angeweza kumsukumia mtu mwingine. Hii ilikuwa yake. Kwao Wabukusu mtoto hapewi jina kwa kupenda. Huitwa jina la mtu wa ukoo aliyetangulia, na mara nyingi ni yule aliyetangulia mwenyewe anayekuja usingizini kulidai. Levis alipozaliwa alilia mfululizo, na Nabalayo alikaa naye magotini akimtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja ili aone atanyamaza kwa nani. Hakunyamaza kwa yeyote. Khaemba, kijana aliyekuwa na jina lake tayari mfukoni, akaingia akasema ameota. Amekuja mtu asiyemjua, akasema yeye ni Zakumba, alifia mbali na hakuna aliyewahi kumwita. Nabalayo akauliza ni wa upande gani. Khaemba akasema hakuambiwa. Mama yake akafikiri, akamkumbuka yule wa vita ambaye jina lake lilikuwa limesahaulika, akalitamka hilo jipya juu ya mtoto, na mtoto akanyamaza. Pengine alikuwa amechoka tu. Jogoo akachinjwa, Khaemba akala paja, na hakufikiria tena.

Alimweleza Levis yote hayo pale nyuma ya nyumba, akiangalia ukuta.

"Lazima umwambie," Levis akasema. "Kesho. Ukikosa kumwambia, nitamwambia mimi."

Kesho yake Khaemba alitoka kazini mapema, lakini hakwenda Kaptembwo. Alikwenda Bondeni. Mtu mwenye aibu hutafuta kwanza wa kugawana naye, na Khaemba alikuwa ameshaamua njiani kwamba mwenye makosa ni Mama Hafiz.

Alimkuta barazani akichagua mchele kwenye sinia, amezeeka, miwani minene, na mjukuu wake Sundus ameketi kando na simu. Khaemba alijitambulisha. Mama Hafiz alifurahi kwa kweli, akamwambia akae, akataka kuita chai. Khaemba hakukaa. Alisema aliyokuja nayo yote, amesimama, mbele ya mjukuu: kwamba alikuwa akiwadanganya watoto wa watu, kwamba yeye Kiingereza alikijua na wao hawakukijua, kwamba amemwaibisha nyumbani kwake na mbele ya mwanawe aliyempa jina la Zakumba. Maneno mengine yalikuwa makali kuliko alivyokusudia. Sundus aliacha simu, akamtazama mgeni kwa macho ya kumtoa nje.

Mama Hafiz alimsikiliza mpaka mwisho. Vidole vyake vilikuwa bado vinatafuta mawe kwenye mchele.

"Siku ya kwanza sikudanganya," alisema. "Kanda ya kwanza alipotokea yule mtu, nyinyi mlishangilia kabla mimi sijasema lolote. Mlisimama juu ya mabenchi yangu. Mmemwona mtu mweusi kwenye runinga, basi mmepagawa. Mimi nikatafsiri kama ilivyosemwa, kwamba amekamatwa porini na anakula watu. Mkanyamaza. Mkakaa mmoja mmoja. Chumba kizima watoto wametulia kama mko matangani, wanatazama miguu yao. Nikaona haya, mwanangu. Haya nikaona mimi, wala si yule Mzungu aliyesema. Nikarudisha kanda nyuma, nikawaambia nimekosea, sikusikia vizuri. Nikaanza upya."

Khaemba hakuikumbuka siku hiyo hata kidogo.

"Ungetuambia baadaye," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Baadaye lini? Mlikua mkaacha kuja. Mimi nilidhani mmejionea wenyewe, mmesoma." Akainua uso. "Niliwadanganya watoto Jumamosi mchana ili warudi kwao wamenyoosha shingo. Hilo nitaulizwa, na nitajibu. Lakini mimi sikukwambia umbandike mtoto jina. Hilo uliwaambia watu wako ni la nani?"

Swali lilimchoma kwa sababu Mama Hafiz hakujua anauliza nini. Khaemba akasema samahani, moja ya haraka haraka, kisha nyingine ya polepole. Mama Hafiz akamwambia chai ipo. Khaemba akasema wakati mwingine, na wote wawili wakajua hakutakuwa na wakati mwingine.

Levis alikuwa anamngoja nyumbani, amevaa viatu tayari. Wakatoka pamoja kwenda Kaptembwo.

Nabalayo alikuwa kwenye kibaraza cha ploti, ameweka beseni la mboga za mrenda miguuni, akichambua. Alipowaona wanakuja pamoja siku ya kazi akadhani ni msiba, wakamtuliza. Levis akavuta stuli akakaa karibu naye, akachukua kishada cha mrenda na kuanza kuchambua vibaya, kama kawaida yake. Nyanya akamnyang'anya, akamwonyesha, akamrudishia. Khaemba alibaki amesimama na kofia mkononi.

"Levis, goti linaendeleaje?" Nabalayo akauliza.

"Limepoa, kukhu."

"Najua. Nilimwambia mtu wako. Asubuhi nikitoka hapa nje kabla sijasalimia yeyote, kwanza naongea na yeye. Pasta akijua atanifukuza kwa kwaya." Akacheka peke yake. "Tangu kuka yako atuache, hii nyumba asubuhi ni kimya. Majirani ni watu wazuri lakini si watu wa kwetu. Nikisema na Zakumba, angalau kuna mtu wa kwetu ananisikia. Nikamwambia, wewe ulipotea ukiwa kijana, hukuoa, hukuzikwa, lakini angalia, umerudi na miguu ya kukimbia. Basi chunga hayo magoti, ni yako."

Levis aliacha kuchambua. Khaemba akajua kwamba asipofungua mdomo sasa hivi hataufungua milele, na alikuwa amekula kiapo njia nzima.

"Mama," alisema. "Kuna kitu nimekuja kukuambia."

"Sema, mwanangu. Mbona umesimama kama karani?"

"Ni juu ya hili jina la Levis. Ile siku nilisema nimeota."

"Ndiyo."

"Ile ndoto, mama—"

"Kukhu," Levis akasema, "mimi ndiye nilimwambia tuje. Nimemuota."

Nabalayo akageuka. "Umemuota nani?"

"Zakumba."

Mrenda ukabaki mkononi mwa nyanya. Khaemba alimtazama kijana wake, akitegemea kuona kigugumizi, au jicho linalokwepa, alama yoyote ya mtu asiyezoea. Hapakuwa na alama. Levis alikuwa anamwangalia nyanya yake machoni, ametulia, na Khaemba aliutambua utulivu huo. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyosimama, kwenye mlango wa chumba, mtoto akilia.

"Alikuwa aje?" Nabalayo akauliza, sauti ndogo.

Levis akapangusa vidole kwenye suruali. "Ni mtu mrefu, kukhu. Amevaa koti, koti nzuri tu. Alikuwa amekaa kwa kiti."

"Aliongea?"

"Aliongea sana. Ni mtu wa stori."

"Kwa lugha gani?"

"Kibukusu."

"Na wewe Kibukusu unakijua wapi?" Nyanya alikuwa anacheka na machozi yameanza, ameyashika kwa ncha ya leso. "Ulielewa?"

"Nilielewa yote. Alisema nikusalimie. Alisema anakusikianga asubuhi."

Nabalayo akajifunika uso kwa leso nzima, mabega yakatikisika. Levis akamwekea mkono mgongoni, mkono mkubwa wa mtu mzima, na juu ya kichwa cha nyanya yake akamtazama baba yake. Haukuwa mtazamo wa hasira. Khaemba angependa uwe wa hasira. Kijana alikuwa amelichukua jina ambalo jana alitaka ukweli wake usemwe, amelivaa tena kwa hiari yake na vicheko vyote vya getini, na alikuwa amedanganya kwa ajili ya bibi kizee, ilhali baba yake alidanganya kwa ajili ya nafsi yake tu. Na kilichomwaibisha Khaemba kuliko yote, kilichomfanya atamani kuondoka hapo ploti bila kuaga, ni kwamba kifua kilikuwa kimemshuka. Alikuwa amepumua. Alikuwa anashukuru.

Nyanya akafuta uso, akamgeukia.

"Na wewe ulikuwa unaanza kusema ile ndoto yako. Ile yako ilikuwa na nini? Alikuwa na koti pia?"

Mlango wa kukiri ulikuwa bado wazi. Levis alikuwa ameinama kwenye mrenda sasa, anangoja kama nyanya anavyongoja, na hakuna ambaye angemzuia Khaemba kusema.

"Alikuwa nalo, mama," alisema. "Ni huyo huyo."

"Basi tumshukuru Mungu," Nabalayo akasema, akaweka beseni kando, akanyoosha mikono yake yenye maji ya mrenda, mmoja kwa mwana, mmoja kwa mjukuu. Wakashikana. Khaemba akawa wa kwanza kufumba macho, kwa sababu Levis alikuwa anamtazama.